Akiba Haiozi: Kutunza Picha za Harusi



Vikundi vingi vya vijana vimenunua kamera na kuanza mradi wa kupiga picha za harusi. Ni kazi nzuri, lakini ina hatari yake. Seremala akiharibu kiti, atatengeneza kingine. Mpiga picha akipoteza picha za kiapo, hawezi kuwaita watu warudi kanisani waape tena.

Sisi wenyewe tulijifunza haya kwa uchungu. Jumamosi moja tulienda harusi na kadi mbili za kamera. Ya kwanza ilijaa tukiwa kanisani, tukaitia mfukoni. Jioni kwa karamu, mmoja wetu aliichukua ile ile akidhani ni tupu, akaifomati, na tukaendelea kupiga juu yake. Tulirudisha pesa zote za wenyewe. Lakini mama ya bwana harusi hakuuliza pesa. Aliuliza, "Na ile ya nyanya yao?" Nyanya huyo alikuwa ametolewa kitandani kuja kuwabariki, na picha yake na maharusi haikuwa mahali pengine popote. Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tunafundisha jambo moja: picha iliyo mahali pamoja tu bado haijatunzwa. Kabla ya kutoka kwa harusi, kila picha iwe mahali pawili.

1. Anzeni na hesabu

Msinunue chombo kabla ya kujua mzigo wenu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya kawaida ya JPEG ya megabaiti 10 hivi, na picha ghafi ya megabaiti 25 au zaidi. Mkipiga picha 1,500, hiyo ni gigabaiti 15 kwa JPEG, au karibu 40 kwa picha ghafi. Kwa hivyo diski ya gigabaiti 500 itabeba harusi 12 za picha ghafi, au zaidi ya 30 za JPEG. Hakuna haja ya kukopa ili kununua diski kubwa kuliko kazi yenu.

2. Chombo gani kinafaa?

Flashi. Ni rahisi na ndogo, na kwa sababu hiyo hupotea upesi. Inafaa kumpelekea mteja picha zake. Isiwe ghala lenu.

Diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi. Bei yake ni nafuu kwa kila gigabaiti, lakini ikianguka wakati inafanya kazi inaweza kufa papo hapo. Mahali pake ni nyumbani, juu ya meza.

Diski ya SSD. Haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo huvumilia kuanguka na mitikiso ya bodaboda. Bei yake iko juu kidogo. Wengine huinunua kwa ajili ya mbio zake, lakini kumbukeni kwamba kadi nyingi za kamera hazipiti megabaiti 100 kwa sekunde. Wawili wakitembea pamoja, mwendo ni wa yule wa polepole. Inunueni kwa sababu ya safari.

Intaneti. Ni mahali pazuri pa nakala ya ziada, lakini kupandisha gigabaiti 20 kwa bando za simu ni gharama. Pelekeni huko zile picha bora tu, mkisharudi nyumbani.

Shauri letu: kama mfuko una pesa ya chombo kimoja, anzeni na SSD ndogo ya safari. Mkipata faida, ongezeni diski ya kuzunguka ya nyumbani.

3. Kabla ya kulipa

Jihadharini na vyombo bandia. Kuna flashi na diski zilizoandikwa terabaiti 2 ambazo ndani hazina hata sehemu ndogo ya hiyo. Hupokea picha zote bila kulalamika, kisha ukizitafuta unakuta hazifunguki. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaeni kweli! Ombeni risiti. Kisha kijaribuni chombo kizima kabla ya kukipa kazi. Kwa kompyuta ya Windows iko programu ya bure iitwayo H2testw ambayo hukijaza chombo chote na kusoma tena kilichoandikwa.

4. Siku yenyewe

(a) Kamera ikiwa na nafasi mbili za kadi, iwekeni iandike kila picha kwa kadi zote mbili.

(b) Kadi ikijaa, sukumeni kile kifungio cha pembeni ili isiandikwe tena. Iwekeni katika kikopo chake, si mfukoni.

(c) Wakati wa chakula, mmoja anakili kadi kwenye diski. Kadi ya gigabaiti 32 huchukua dakika 6 hivi kwa vifaa vya kasi, na karibu 20 kwa waya wa zamani. Kama hamna laptopu, simu nyingi zinaweza kunakili kupitia kifaa cha kusomea kadi, lakini simu zingine hazina nguvu ya kuendesha diski. Jaribuni nyumbani kwanza.

(d) Fungueni picha chache za mwanzo, za kati na za mwisho. Kunakili bila kukagua ni kubahatisha.

(e) Kurudi nyumbani, anayebeba kadi na anayebeba diski wasiwe mtu mmoja. Mkoba ukiibiwa, nusu imebaki.

(f) Msifute kadi mpaka picha ziwe katika diski mbili, na moja ilale nyumba nyingine.

Ikitokea kadi imefutwa kwa makosa, iondoeni papo hapo na msipige hata picha moja zaidi. Mara nyingi fundi anaweza kuzirudisha picha ambazo hazijaandikwa juu. Sisi hatukujua hilo. Tungalisimama pale pale, huenda nyanya yule angalipatikana.

Maswali ya kujadiliana

1. Picha za harusi yetu ya mwisho ziko mahali pangapi leo?
2. Nani katika kikundi amepewa ruhusa ya kufuta kadi? Je, wengine wanajua?
3. Katika kila malipo ya harusi, tutaweka kiasi gani kando kwa ajili ya diski ya pili?

Jibuni la kwanza kwa kwenda kuangalia, si kwa kukumbuka.