Somo la Robo Hii: Si Kila Anayesahau ni Mzembe



Somo hili tumelipata kwa gharama. Katika vikundi vya kuweka na kukopa huko Bububu, Unguja, tulikuwa na mwezeshaji hodari. Akina mama walimpenda, na palipotokea ugomvi yeye ndiye aliyepatanisha. Lakini taarifa zake zilichelewa, stakabadhi zilipotea, na vikao alivisahau. Tulimpa barua mbili za onyo. Ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari mezani alipotueleza kwamba tangu darasa la pili alichapwa kwa makosa hayo hayo. Tuliiweka barua kando, tukamshauri aonane na daktari. Jibu lilikuwa ADHD.

Hali hii ni nini?

Ni hali ya ubongo inayompa mtu shida ya kutuliza mawazo, kupanga muda na kujizuia. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake London mwaka 1902. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni ya watoto tu. Leo tunajua kwamba wengi huendelea nayo ukubwani. Hukadiriwa kuwa watu wazima 2 hadi 3 katika kila 100 wanayo. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Haitokani na malezi mabaya wala uchawi.

Kusahau peke yake si ADHD. Dalili huanza kabla ya miaka 12, nazo huonekana nyumbani na kazini pia. Kukosa usingizi, sonona au pombe vinaweza kufanana nayo, kwa hiyo mwenye kuamua ni mtaalamu. Kwa Unguja, hospitali ya magonjwa ya akili iko Kidongo Chekundu. Dawa zipo, lakini hutolewa na daktari tu.

Yaliyomsaidia mwenzetu

1. Kumbukumbu iwe nje ya kichwa. Yeye ni Mwislamu, na adhana ya alasiri haimpiti. Basi kila baada ya sala hiyo hujaza daftari la fedha kabla ya jambo jingine.
2. Kazi kubwa ikatwe vipande. Badala ya taarifa moja ya miezi mitatu, huleta ukurasa mmoja kila Alhamisi.
3. Asifanye peke yake. Mweka hazina wa kikundi huketi naye wakati anapoandika. Hamfanyii kazi, uwepo wake tu unamtuliza.
4. Maagizo yaandikwe. Tuliacha kumwagiza mlangoni.
5. Apewe kazi inayomfaa. Sasa upatanishi na mafunzo ni vyake zaidi.

Taarifa mbili zilizofuata zilifika kwa wakati. Hatusemi amepona, mwezi uliopita alisahau funguo za ofisi ndani ya daladala. Uwajibikaji haukuondolewa: fedha za wafadhili zinahesabiwa kama zamani. Kilichobadilika ni njia ya kumsaidia atimize wajibu wake.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, yupo kati yetu tuliyemwita mvivu bila kumuuliza?
2. Ni maagizo gani tunayatoa kwa mdomo tu?
3. Tufanye nini kabla ya kuandika barua ya onyo?