SOMO: OILI INAYOVUJA KATIKA LORI LA CHAMA

Msimu wa ununuzi wa pamba kandokando ya Ziwa Victoria huanza kwa kawaida mwezi Mei au Juni. Katika miezi hiyo lori la dizeli hufanya kazi mchana na usiku, likitoa pamba katika maghala ya vyama na kuipeleka kwenye vinu vya kuchambulia. Lori likiharibika, pamba hulala ghalani na mkulima huumia.

Katibu wa chama si fundi, lakini ndiye anayeandika hati za malipo. Lori linaloongezwa nusu lita ya oili kila siku, kwa siku 90, litakuwa limemeza lita 45 zaidi ya zile za kubadilisha. Oili hiyo ina njia tatu za kupotea: imevuja, imeungua ndani ya injini, au imeuzwa. Si haki kumshutumu dereva kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Wala si busara kukubali kila neno la "gari linavuja" bila kuona ushahidi.

Uchunguzi

1. Injini ioshwe, ikauke. Injini iliyojaa vumbi na mafuta ya zamani haisemi ukweli.

2. Oili ipimwe kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Kiasi kiandikwe.

3. Lori liendeshwe safari fupi, kisha liegeshwe usiku juu ya maboksi yaliyofunuliwa. Asubuhi matone yaangaliwe. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali. Dizeli ni nyepesi na hunuka yenyewe.

4. Chanzo kitafutwe kuanzia juu kwenda chini, na mbele kwenda nyuma. Oili huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka si lazima pawe ndipo inapotokea. Palipolowa juu kabisa na mbele kabisa ndipo pa kushuku kwanza.

Mahali pa kuangalia ni gasketi ya kifuniko cha valvu, filta ya oili, swichi ya presha ya oili, sili ya mbele nyuma ya puli, gasketi ya sampu na nati ya kumwagia oili. Tone linalotoka kati ya injini na giaboksi huashiria sili ya nyuma ya injini au sili ya giaboksi. Rangi na harufu vitaamua.

Ikiwa boksi ni kavu lakini oili inapungua, moshi uangaliwe. Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inaungua ndani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kiasi chake kikipanda badala ya kushuka na ikanuka dizeli, dizeli inaingia ndani ya injini. Katika hali hizi mbili za mwisho lori lisiendeshwe hata kidogo.

Marekebisho

Kosa la kawaida ni kukaza boliti kwa nguvu zote. Gasketi hupasuka, kifuniko hupinda, na mvujo huzidi. Gasketi ya zamani ibanduliwe yote, nyuso zisafishwe, na mpya iwekwe. Boliti zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana pande. Filta mpya ipakwe oili kwenye mpira wake na ikazwe kwa mkono, baada ya kuhakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata. Nati ya kumwagia oili ipewe washa mpya.

Kabla ya kununua sili, kipumulio cha injini kikaguliwe. Kikiziba, presha hujaa ndani na kuisukuma oili nje kupitia kila upenyo. Chama kinaweza kununua sili tatu kwa msimu mmoja, kumbe dawa ni kuzibua bomba moja. Kipumulio kikiwa wazi na moshi mwingi ukatoka humo, pistoni na ringi zake zimechakaa. Hapo bodi ifikirie matengenezo makubwa.

Baada ya kazi, hatua ya 2 na ya 3 zirudiwe. Bila boksi kavu, kazi haijakwisha.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni. Mvua ikinyesha, huteremka ziwani wanakochota maji na kuvua samaki wanachama wenyewe. Iwekwe katika pipa lenye kifuniko.

Kumbukumbu

Daftari la gari lionyeshe tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, sahihi ya dereva na ya katibu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Katika makabidhiano ya namna hiyo, mtetezi wa mali ya mwanachama ni maandishi. Maandishi hayo hayo humlinda dereva mwaminifu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini injini ioshwe kabla ya kutafuta mvujo?
2. Dereva anadai lita 1 kila siku, boksi ni kavu, na hakuna moshi wa buluu. Bodi ifanye nini?
3. Je, daftari la gari la chama chenu lingeweza kujibu swali la 2?