Mirathi ya Seyyid Said: Kumfundisha Mwanafunzi Uhusiano wa Nchi Baada ya Dola Kuvunjika

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa ni nini hutokea dola kubwa inapovunjika, aghalabu hujibu kwa orodha ya tarehe na majina ya watawala. Jibu hilo halitoshi. Dola huanguka, lakini mikataba, madeni na mipaka yake huendelea kuwafunga watu ambao hawakuwahi kuiona. Makala haya yanapendekeza kwamba somo hili lifundishwe kwa dhana ambayo mwanafunzi anaifahamu tangu nyumbani kwao, yaani mirathi. Mfano unaotumiwa ni dola ya Seyyid Said bin Sultan, iliyounganisha Omani na upwa wa Afrika Mashariki.

Suala la Istilahi

Ni muhimu mwalimu aanze na maneno yenyewe. Neno 'himaya' hutumiwa sana kwa maana ya milki ya mfalme mkuu. Hata hivyo, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni ulinzi. Ndiyo sababu Unguja ilipowekwa chini ya Uingereza mwaka 1890 iliitwa nchi ya himaya. Asiyezitofautisha maana hizi mbili hataona kwamba milki moja ilipovunjika, vipande vyake viliokotwa na milki nyingine kwa jina la ulinzi. Katika makala haya, 'dola' ni milki ya Said, na 'himaya' ni nchi inayolindwa na nyingine.

Maswali Matatu

Swali la kwanza: ni nini kilichogawanywa? Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akisafiri kutoka Maskati kwenda Unguja. Mwanawe Thuwaini alibaki na Maskati. Mwingine, Majid, akashika Unguja. Mafungu hayo hayakulingana. Unguja ilikuwa na karafuu, biashara ya pembe za ndovu na watumwa, pamoja na mapato ya forodha. Mwaka 1859 Thuwaini aliandaa merikebu ili aishambulie Unguja, lakini Waingereza wakamzuia.

Swali la pili: mgawaji alikuwa nani? Ugomvi ulipelekwa kwa Lord Canning, aliyeitawala Uhindi kwa niaba ya Uingereza. Mwaka 1861 aliamua kwamba Unguja na Maskati ziwe nchi mbili, na Majid amlipe Thuwaini reale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Uamuzi huo ulieleza kwamba malipo hayo ni ya kusawazisha urithi, wala si dalili kwamba Unguja iko chini ya Maskati. Hapa mwanafunzi wa lugha ana kazi: atofautishe 'fidia' na 'kodi ya utii'. Fedha ni zile zile. Neno ndilo linaloamua kama anayelipa ni huru au mtumishi.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Mgeni huyu hakwenda kulima. Alikaa kati ya ndugu wawili, kisha akavuna kwa wote. Thuwaini alipouawa mwaka 1866, Majid alikataa kuendelea kulipa. Hatimaye serikali ya Waingereza kule Uhindi ikaubeba mzigo huo yenyewe. Mpatanishi akawa mlipaji, na mlipaji hakosi kauli.

Swali la tatu: ni nani hakuwapo? Mwaka 1886 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipima eneo la Sultani wa Unguja katika bara. Sultani Barghash hakuwa na mjumbe katika tume hiyo. Baadaye mwaka huo, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Wakazi wa Lamu, Malindi na Mombasa hawakuulizwa.

Mirathi Hiyo na Kenya

Mwaka 1895 Uingereza ilikodi sehemu ya ukanda huo iliyoko Kenya kwa pauni 11,000 kila mwaka. Ardhi ilitawaliwa na Mwingereza, ila ilihesabiwa kuwa ya Sultani, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Wajumbe wa Mwambao walishiriki mazungumzo ya London mwaka 1962. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, na ukanda ukaingizwa katika Kenya. Kenya nayo iliahidi, miongoni mwa mambo mengine, kuzihifadhi mahakama za kadhi. Mahakama hizo zimo pia katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170.

Basi kaulimbiu ya 'Pwani si Kenya', iliyovuma miaka ya 2010, haikuzuka hewani. Waliyoitoa walizitaja hati hizi hizi za 1895 na 1963. Mwalimu asimnyamazishe mwanafunzi anayeiuliza, wala asimchochee. Amwekee hati mbele yake, amtake aeleze kila upande uliahidi nini, kwa nani, na kwa neno gani. Mwanafunzi asiyejua ahadi hizo atawaona wanaozidai kuwa wakorofi. Anayezijua ataweza kubishana nao kwa hoja, au kukubaliana nao kwa hoja.

Hitimisho

Maswali haya matatu yanaweza kutumiwa kwa dola yoyote iliyovunjika, iwe ya Waturuki wa Uthmaniya au ya Kisovieti. Hata hivyo, yafaa mwanafunzi wa Afrika Mashariki aanzie nyumbani. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliumaliza usultani, na baada ya 1970 familia nyingi zilizotoka Zanzibar zilikaribishwa Omani. Hadi leo Kiswahili husikika Maskati. Mirathi ya Seyyid Said iligawanywa kwa reale, kwa maili na kwa pauni, lakini lugha haikuwamo katika mgao, na ndiyo iliyobaki kwa warithi wote.