Uzee wa mfugaji: jasho, bahati na mwanzo

Ndugu mfugaji, mwalimu au askari akistaafu hulipwa pensheni, kwa sababu yeye na mwajiri wake walichangia miaka yote ya kazi. Wewe uliyechunga Runazi tangu utotoni huna mwajiri. Akiba yako iko zizini, nayo huugua na kufa. Mambo matatu huamua utazeeka vipi.

1. Jasho
Bila kuogesha, kuchanja na kutafuta malisho hakuna kundi. Lakini jasho peke yake halitoshi. Wako wazee waliochunga maisha yao yote na leo hawana hata ndama.

2. Bahati
Ukame wa mwaka 2009 uliua ng'ombe wengi sana Longido, Monduli na Ngorongoro. Haukuchagua hodari wala mvivu. Kwa hiyo usimcheke aliyefilisika.

3. Mwanzo
Chukua wafugaji wawili wenye bidii sawa. Mmoja alirithi ng'ombe 40, mwingine alianza na 4. Ugonjwa ukiua robo ya kila kundi, wa kwanza anabaki na 30 na bado anauza dume kulipa ada ya shule. Wa pili anabaki na 3, na huenda aliyekufa ndiye aliyekuwa akikamuliwa.

Hata mahali ulipo ni mwanzo. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni na serikali. Huku Bara hatuna pensheni ya wazee wote.

Ufanye nini sasa?

*Punguza hasara.* Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni, na huua ndama kwa wingi. Ukiona tezi chini ya sikio zimevimba, homa na kupumua kwa shida, toa taarifa siku hiyo hiyo. Chanjo yake hutolewa mara moja, lakini endelea kuogesha, kwani kupe huleta magonjwa mengine.

*Uza kwa hiari.* Peleka mnadani madume na majike yasiyozaa mwishoni mwa masika, yakiwa yamenona. Ukisubiri kiangazi kikali, mnunuzi ndiye atakayepanga bei.

*Changia mapema.* NSSF hupokea pia waliojiajiri, wafugaji wakiwemo. Pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza na miaka 45 anaifikia akiwa na 60. Uliza ofisini kwao kiwango cha kuchangia. Kama bado huwezi, anza na hisa za kikundi cha kuweka na kukopa.

*Gawa mwanzo.* Binti anayechota maji na kukamua naye apewe mtamba wake. Mke ajue idadi ya mifugo na mahali fedha zilipo, asije akabaki mjane mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

*Andika.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa na fedha iliyopatikana.

Jioni hii kaeni kama familia, mchague mnyama mmoja ambaye bei yake, akiuzwa, itakuwa akiba ya uzee. Kwa ushauri wa chanjo na kuogesha, fika kwa afisa mifugo wa kata.