Nani Mwenye Mlango wa Khabari?

Mwanafunzi wa Hadithi hufunzwa kwamba kabla ya kuyapima maneno, na awapime walioyapokea. Akiwamo asiyejulikana, khabari huwekwa kando. Kanuni hii twaihitaji leo kwa khabari tuzisomazo katika simu, na kwa hizo yafaa tuulize pia: ni nani mwenye mlango zilikopitia?

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, mwenye gazeti alijulikana, na aliyechukizwa aliweza kumwendea akamjibu. Ama leo, mtu wa Manga, huko milimani Nyamira, ataka kujua yaliyopita Nairobi. Afungua Facebook au X. Mwandishi ni Mkenya, msomaji ni Mkenya, na mlango wa kati ni mali ya watu walioko Marekani.

Mwezi wa Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa Accra, ofisi yake ya kwanza Afrika, wakaachishwa kazi. Disemba waandishi kadha, wakiwamo wa New York Times na CNN, walifungiwa humo, kwa madai kwamba walieneza khabari za ndege yake ilipo. Wengi walifunguliwa baada ya siku chache. Huenda alikuwa na haki, huenda hakuwa nayo. Sisi twatazama kwamba mshitaki, kadhi na askari walikuwa mtu mmoja.

Atasema msemaji: basi mlango na ushikwe na serikali. La! Tarehe 30 Januari 2018 serikali ya Kenya ilizizima stesheni za televisheni, zikiwamo Citizen, NTV na KTN, siku Raila Odinga alipojiapisha. Na Uganda, Januari 2021, Facebook ilifunga kurasa ilizosema zina uhusiano na serikali. Serikali nayo ikaifunga Facebook, kisha ikaukata mtandao wote mkesha wa uchaguzi. Wakubwa wawili waligombana, na aliyenyimwa khabari ni mpiga kura.

Lililobaki ni sheria impatayo mwenye mlango. Wachujaji wa Facebook waliofanya kazi Nairobi, wakitazama machukizo kutwa ili sisi tusiyaone, waliishitaki Meta. Meta ikajibu kwamba yenyewe haiko Kenya, mahakama zake haziwezi kuihukumu. (Ajabu ya mfanya biashara asiyekuwako sokoni, na faida yake iko!) Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo: kesi yaweza kusikizwa hapa.

Redio ya Egesa, isemayo Kigusii na kusikizwa huko Manga, nayo ina mwenyewe, S. K. Macharia, na yafaa isikizwe kwa kujua hivyo. Lakini yeye akishitakiwa, hawezi kusema kwamba hayuko Kenya.