Kuondosha Lori Lenye Mzigo Bila Kulishtua

Kila mwaka, wakati wa mavuno ya mahindi katika nchi ya Uasin Gishu, malori hupanga mstari mrefu mbele ya maghala ya Bodi ya Nafaka mjini Eldoret. Mstari huo hausogei ila hatua chache kwa wakati. Lori moja huingia kupimwa, na yote yaliyo nyuma hujongea kidogo, yakasimama, yakajongea tena, hata dereva mmoja huweza kuondosha gari lake mara nyingi mno kabla ya kufika mlangoni. Atakaye kumjua dereva hodari na asimame hapo asikilize tu. Lori la huyu huondoka kama mashua iliyofunguliwa kamba. La mwenziwe huruka mbele kama punda aliyechapwa, magunia yakatikisika, na taniboi akashika mbao kwa mikono miwili.

Kuondosha motokaa ndogo ni jambo ambalo kijana hulijua kwa siku chache. Lori ni habari nyingine. Magunia 100 ya kilo 90 ni kilo 9,000, bila kuhesabu uzito wa gari lenyewe. Na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaruhusu gari kubwa na tela lake kufikia tani 56. Mzigo kama huo ukiwa umesimama hautaki kwenda, na ukiisha kwenda hautaki kusimama.

Tuangalie kwanza kilichomo chini ya sakafu ya gari. Nyuma ya injini liko gurudumu zito liitwalo flaiwili, ambalo huzunguka wakati wote injini inapounguruma. Nyuma yake iko sahani ya klachi, iliyounganishwa na gia, na kwa njia ya gia na shafti huunganishwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga klachi, sahani huachana na flaiwili. Ukiinua mguu, springi kali huzibana pamoja. Lakini flaiwili yazunguka mara 600 au 700 kwa dakika, nayo sahani imesimama kabisa. Hivyo kabla ya kushikana sawasawa yapasa zisuguane kidogo. Msuguano huo ndio uondoao gari kwa upole, na ndio uilao klachi. Ukiwa mfupi mno, gari hushtuka. Ukiwa mrefu mno, sahani huungua, na harufu yake kila fundi wa gereji aijua, kwa maana humletea kazi.

Basi dereva aketi vizuri, kisigino cha mguu wa kushoto kikae mahali ambapo aweza kuinua mguu kidogo kidogo. Atazame mshale wa upepo wa breki. Malori makubwa hufungwa breki kwa springi, na upepo ndio uzifunguao. Mshale ukiwa chini, au mlio wa onyo ukisikika, asiondoke. Akanyage klachi mpaka mwisho, kisha atie gia ya chini kabisa ifaayo mzigo wake. Hapa wengi hujisifu, wakaanza na gia ya pili au ya tatu ili waonekane wepesi. Lori tupu huweza kuvumilia jambo hilo. Lori lenye mzigo halivumilii, ila halisemi siku hiyo. Husema baada ya miezi, mwenye gari anapoletewa bei ya klachi mpya. Na kama gia zina swichi ya juu na chini, aihakikishe iko chini.

Sasa yaja jambo ambalo aliyejifunzia motokaa ya petroli hulikataa asilijaribu: penye tambarare, usikanyage mafuta. Injini ya dizeli ina kifaa chake cha kuongeza mafuta yenyewe mzunguko wake unapotaka kupungua. Inua klachi taratibu. Utasikia sauti ya injini ikizama kidogo, na kibanda kitatetemeka. Hapo ndipo mahali pa kushika. Usimamishe mguu papo hapo kwa kitambo kifupi, mpaka gari lianze kutambaa. Ndipo uinue mguu wote, uuondoe kabisa juu ya klachi, na baada ya hayo ukanyage mafuta. Atakayeanza na mafuta, kisha akaachia klachi kwa ghafula, ameipiga shafti na difu kwa nyundo.

Wazee waliowahi kuona magari ya ng'ombe wataelewa upesi. Makaburu walipofika uwanda huu mwaka 1908, kabla mji haujapata jina lake na watu wakiita mahali hapo Sisibo, kwa kuwa palikuwa shamba namba 64, mizigo ilivutwa kwa jozi nyingi za ng'ombe waliofungwa katika mnyororo mmoja mrefu. Mnyororo ukiwa umelegea na ng'ombe wakavuta kwa nguvu ghafula, hukatika. Yapasa kwanza ukazwe taratibu, ndipo wanyama wote wavute pamoja. Mahali pa kushika katika klachi ni mnyororo uliokwisha kukazwa.

Mlimani mambo hubadilika. Malori yaliyokuwa yakipandisha madini ya floraspari kutoka mgodi wa Kimwarer, katika bonde la Kerio, hadi stesheni ya reli ya Kaptagat, mpaka mgodi ulipoacha kazi mwaka 2016, yalipanda mteremko ambao haumsamehe dereva mwenye papara. Hapo breki ya mkono na ibaki imefungwa. Tia gia ya kwanza, inua klachi mpaka mahali pa kushika, na sasa ongeza mafuta kidogo, ya kutosha injini isizimike tu. Ukisikia gari linataka kwenda lakini limezuiwa, fungua breki, kisha endelea kuinua klachi. Likirudi nyuma, kanyaga breki na klachi mara moja, funga breki ya mkono, uanze upya. Usijaribu kulidaka kwa klachi: shafti huweza kukatika, na hapo gari halivutwi tena na injini. Nyuma yako pengine yuko mtu wa bodaboda, au mama mwenye kikapu, wala hutawaona katika kioo.

Taniboi ashikaye kabari asimame kando ya gurudumu, kamwe asiwe nyuma yake. Na juu ya magunia asipande mtu.

Iko sababu nyingine imkutayo dereva atokaye pwani. Eldoret uko juu ya bahari kwa mita 2,100 hivi, na Timboroa hupita mita 2,700. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Injini yenye taabo hujisaidia ikiisha kuzunguka kwa kasi, lakini wakati wa kuondoka taabo haijapata nguvu. Kwa hiyo lori lililoondoka Changamwe kwa gia ya pili huenda likazimika kwa gia hiyo hiyo katika kilima cha Burnt Forest. Si ugonjwa wa injini, wala haimpasi kumlaumu fundi. Ashuke gia moja.

Anayejifunza aanze na lori tupu, katika uwanja wa wazi, pamoja na dereva mwenye leseni ya gari la namna hiyo, arudie mpaka gilasi ya maji iliyowekwa juu ya dashibodi isimwagike. Ndipo apakiwe nusu mzigo. Na ikitokea harufu ya klachi kuungua, aegeshe mahali sawa, aweke kabari, aiache ipoe yenyewe kwa nusu saa au zaidi, bila kumwagia maji.