SOMO: KUUTAZAMA MSITU

Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, hapa hapa mlangoni petu. Mto Luwegu nao unaanzia huko huko. Basi matone mawili ya mvua yakianguka juu ya milima ile, moja laweza kushuka hadi mpaka wetu na Msumbiji, na la pili likaenda kaskazini kukutana na mto Kilombero, na hapo ndipo Rufiji inapoanza. Kilombero nao hupokea maji mengi kutoka milima ya Udzungwa. Kwa hiyo somo hili, ingawa sehemu kubwa tulijifunza Udzungwa, si la ugenini.

Mwaka mmoja, tulipokuwa bado tukifundisha chuo cha ualimu, tuliwapeleka wanachuo wa sayansi Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Tulipita Njombe, Iringa na Mikumi kwa basi, safari ya kumchosha mtu kabla hajaona mti hata mmoja. Siku ya kwanza tuliwaagiza waandike walichokiona. Jioni tukasoma madaftari, na karibu yote yalikuwa na maneno ya kitabu: msitu una matabaka, msitu huleta mvua, na kadhalika. Mwanachuo mmoja alikuwa amemchora mbega mwekundu, picha nzuri sana, kila mkono una vidole vitano. Tukampa alama ya vyema.

Kesho yake mwongozaji wetu, mzee mmoja wa pale, aliitazama picha ile kwa muda. "Mwalimu," akasema kwa upole, "twendeni tukahesabu tena."

Tulikaa chini ya mti mmoja muda wa saa nzima. Dakika ishirini za kwanza hatukuona kitu, maana watu ishirini na wawili wakiingia msituni kila kiumbe hunyamaza. Kisha majani yakatikisika juu. Mbega walikuja na kima wakiwa pamoja nao, na mmoja akashuka hadi tawi la karibu kuvunja machipukizi. Alishika kwa vidole vinne. Mbega hana kidole gumba. Pale mahali pake pamebaki kinundu tu, na mkono wake umekuwa kama ndoano ya kurukia matawi. Tulikuwa tumefundisha habari za nyani na kima kwa miaka zaidi ya ishirini, na jambo hilo hatukulijua. Alama ya yule kijana ilikuwa kosa letu, si lake.

Baada ya hapo wanachuo walianza kutazama kweli. Mmoja aliuliza kwa nini mbega waliyapita matunda yaliyoiva wakaenda kula majani na matunda mabichi. Hilo lina jibu. Tumbo la mbega limegawanyika vyumba, mfano wa tumbo la ng'ombe, na ndani yake vimo vijidudu vinavyochachusha majani. Sukari nyingi ya matunda mabivu huliharibu tumbo hilo. Basi matunda mabivu ni ya kima, na ndiyo maana hao wawili huweza kutembea pamoja bila ugomvi mkubwa wa chakula. Mbega huyu mwekundu haonekani popote duniani ila Udzungwa na misitu ya jirani.

Huko huko wataalamu walimtambua tumbili wa Sanje mwaka 1979. Mlio wake ndio uliowashtua kwanza. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote, hakuna aliyewauliza.

Tuliona pia mti wa jamii ya mkuyu uliosimama kama mnara wenye uwazi ndani. Ndege au kima huangusha mbegu yake juu kwenye panda ya mti mwingine. Mche huteremsha mizizi, mizizi huuzunguka mti mwenyeji, na baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na kuoza. Ukipasua tunda lake utaona kwamba maua yamo ndani. Kijinyigu kidogo mno huingia kwa tundu la nchani, huchavusha maua na kutaga mayai humo. Kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina nyigu wake. Nyigu akikosekana, mkuyu hauzai mbegu.

Jambo la mwisho liko karibu na sisi wakulima. Penye ukingo uliokatwa na maji, kando ya njia, tulipima udongo mweusi kwa kiganja. Ulikuwa haba, na mizizi imejaa humo humo juu. Chini yake udongo mwekundu mtupu. Wengi hudhani miti mikubwa ni dalili ya ardhi yenye rutuba isiyokwisha, kumbe rutuba nyingi imo ndani ya miti yenyewe na majani yanayooza. Ukifyeka na kuchoma, utavuna vizuri misimu michache, kisha mvua huichukua iliyobaki.

Matogoro si Udzungwa. Sehemu kubwa ya nchi yetu ni miombo, na moto wa kiangazi tunaujua sote. Lakini mabonde yenye miti ya kijani mwaka mzima bado yapo, na chemchemi zimo humo. Tumepanga kwenda na vijana wa parishi mvua za kwanza zikishanyesha. Tutakaa mahali pamoja kwa saa nzima, kimya, na kila mtu ataandika jinsi maji yalivyo penye mti uliosimama na penye mti uliokatwa. Waje na daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huchuruzika karatasi ikilowa. Vitabu waviache nyumbani, tutavisoma tukirudi.